Vitanda Baridi vya Alpi

Tarehe 28 Septemba 2025 wananchi wa Uswisi walipigia kura swali lililokuwa na sura mbili. Karatasi iliuliza jambo dogo tu: je, kantoni, yaani majimbo ya nchi hiyo, ziruhusiwe kutoza kodi maalumu kwa nyumba za pili? Lakini jibu la ndiyo lilikuwa limefungwa pamoja na jambo kubwa zaidi, yaani kufutwa kwa kodi ya zamani inayomhesabia mwenye nyumba mapato ya pango ambayo hakuyapokea, kwa kuwa tu anaikalia nyumba yake badala ya kuipangisha. Asilimia 57.7 walisema ndiyo. Kodi moja ikazikwa na nyingine ikapewa ruhusa ya kuzaliwa, na zote mbili zinamgusa mwenye fleti ya likizo milimani.

Mkanganyiko haukuanza siku hiyo. Anayeuliza leo kama inawezekana kununua nyumba ya pili katika kijiji cha ski, yaani kijiji kinachoishi kwa watu wanaokuja kuteleza kwenye theluji, atajibiwa kwamba Uswisi ilipiga marufuku nyumba hizo mwaka 2012. Mwingine atamwonyesha matangazo ya madalali wa Verbier yaliyojaa nyumba hizohizo. Ataambiwa mgeni haruhusiwi, kisha ataambiwa kuna mgawo wa wageni kila mwaka. Kila jibu lina ukweli wake, na ndiyo maana hakuna linalomtosha. Sheria hizi zote, ziwe za Uswisi, Ufaransa, Austria au Marekani, zinazunguka swali moja: mtu anayenunua nyumba kijijini akalala humo wiki nne kwa mwaka anakiachia kijiji nini, na anaondoka na nini?

Fleti zilizolipia lifti

Kabla ya ski, mabonde ya juu ya Alpi yalikuwa ya ng'ombe na nyasi za akiba, na vijana wake walihamia mijini. Theluji iliyokuwa mzigo wa nusu mwaka ikageuka mtaji. Tatizo la mtaji huu ni kwamba unameza fedha nyingi mwanzoni na kuzirudisha polepole. Lifti, magari ya kebo, barabara ya mlimani na mabomba ya maji taka hujengwa kabla mteja wa kwanza hajakata tiketi, na hutumika kwa nguvu zote miezi minne au mitano tu. Jibu lililopatikana, hasa Ufaransa katika miaka ya 1960 na 1970 serikali ilipokuwa ikihimiza ujenzi wa vituo vipya kwenye malisho matupu, lilikuwa kuuza fleti. Faida ya fleti ikagharimia lifti, na lifti ikapandisha bei ya fleti. Vail ya Colorado, iliyofunguliwa Desemba 1962, nayo ilichanganya biashara ya mlima na biashara ya viwanja tangu mwanzo.

Kwa hiyo mwenye nyumba ya pili hakukivamia kijiji. Aliitwa, na fedha zake zikapokelewa kwa mikono miwili. Kasoro ilijitokeza kizazi kimoja baadaye. Mnunuzi wa mwaka 1975 alikuwa na watoto wadogo. Alikuja kila likizo, na wiki nyingine aliikodisha fleti ili imsaidie kulipa mkopo. Baada ya miaka thelathini mkopo umekwisha, watoto wana likizo zao, magoti yake hayataki tena kuteleza, na kupangisha kumekuwa usumbufu. Fleti inafungwa. Huko milimani vitanda vya fleti kama hizi huitwa vitanda baridi. Kitanda baridi hakinunui mkate wala hakikati tiketi ya lifti, na mwalimu wa ski hapati chochote kutoka kwake. Lakini bomba la maji lililopimwa kwa ajili ya umati wa mkesha wa Mwaka Mpya lazima litunzwe mwaka mzima, awepo mtu au asiwepo.

Mtego wenyewe uko katika hatua inayofuata. Vitanda vikipoa, lifti hukosa watu. Njia rahisi ya kuzipatia watu ni kujenga fleti mpya pembeni ya zile zilizofungwa na kuziuza kwa familia changa, ambazo nazo zitapoa baada ya miaka ishirini. Kijiji kinazidi kutanuka huku idadi ya wanaolala humo ikibaki palepale. Ubishi wote juu ya nyumba za pili umezaliwa na mwendo huu. Wivu wa wenyeji kwa matajiri upo, lakini peke yake usingejaza sanduku la kura.

Sheria mbili juu ya mlango mmoja

Uswisi ndiko ubishi huu ulikoandikwa sheria kwa ukali kuliko kwingine, na ndiko anayetaka kununua hupotea zaidi, kwa sababu nyumba moja inaweza kubanwa na sheria mbili zisizouliza jambo moja.

Ya kwanza, inayoitwa Lex Koller, ilipitishwa mwaka 1983 na inauliza mnunuzi ni nani. Raia wa Umoja wa Ulaya anayeishi Uswisi huhesabiwa kama Mswisi. Raia wa nchi nyingine, Mtanzania au Mkongo kwa mfano, akiwa na kibali cha kudumu cha aina ya C, naye hununua bila kuomba ruhusa. Mwenye kibali cha B kutoka nje ya Ulaya anaweza kununua nyumba ya kuishi mahali anapokaa, lakini nyumba ya likizo ni habari nyingine. Asiyeishi Uswisi kabisa anahitaji ruhusa, na ruhusa za nyumba za likizo zina mgawo wa 1,500 kwa mwaka kwa nchi nzima, unaogawanywa kwa kantoni zinazozihitaji. Kwa kawaida nyumba haitakiwi kuzidi mita za mraba 200, nayo haipangishwi mwaka mzima. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki hili halina ugeni mkubwa: Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 humpa asiye raia upangaji wa ardhi usiozidi miaka 99, na Tanzania haimpi mgeni ardhi ila kwa njia ya uwekezaji.

Sheria ya pili haijali mnunuzi katoka wapi. Inauliza nyumba yenyewe ni ya namna gani. Mwanaharakati wa mazingira Franz Weber, aliyefariki mwaka 2019, alipeleka hoja kwa wananchi kwamba hakuna halmashauri itakayokuwa na zaidi ya asilimia 20 ya nyumba za pili. Tarehe 11 Machi 2012 hoja ilipita kwa asilimia 50.6, na sheria ya utekelezaji ikaanza kazi tarehe 1 Januari 2016. Miji ya tambarare ndiyo iliyoibeba. Katika kantoni ya Valais, wenye milima, karibu robo tatu walikataa. Ni wazi kwamba Zurich iliamua juu ya vijiji ambavyo yenyewe huvitembelea tu.

Hapa ndipo lilipofichwa jibu la mkanganyiko. Sheria hiyo ilizuia kujenga nyumba mpya za pili katika halmashauri zilizovuka kiwango, nazo ni zaidi ya 300. Haikuzigusa nyumba zilizokuwepo, au zilizokuwa zimepata kibali cha ujenzi, kabla ya siku ile ya kura. Nyumba ya zamani inaweza kukaliwa na mwenyeji leo na kuuzwa kesho kwa mtu wa Geneva atakayeifungua Krismasi tu. Nyumba mpya pembeni yake, iliyojengwa mwaka 2018, ina sharti katika rejesta ya ardhi kwamba lazima ikaliwe na mkazi. Macho hayaoni tofauti, ila bei huiona. Anayenunua nyumba ya zamani analipia mbao na mawe, na juu yake analipia tarehe. Kama yeye ni mgeni asiyeishi nchini, lazima avuke sheria zote mbili kwa pamoja: awe na ruhusa ya kwanza, na nyumba iwe imesalimika na ya pili.

Kuna vighairi, navyo huzidisha utata. Andermatt, mji uliokuwa ukitegemea kambi za jeshi, ulipewa msamaha wa Lex Koller ili mwekezaji wa Misri, Samih Sawiris, aujenge upya kama kituo cha kitalii, na hapo mgeni hununua bila kusubiri mgawo. Dalali anayesema Uswisi iko wazi hadanganyi, mradi ana maana ya bonde hilo moja.

Hoja ya wanaozuia

Nguvu ya katazo iko katika urahisi wake. Ardhi ya bonde la Alpi ina mipaka mitatu isiyobishaniwa: mto, mteremko na njia ya maporomoko ya theluji. Kilichobaki katikati ni kidogo, na kikishamwagiwa zege hakirudi kuwa malisho. Kodi inaweza kulipwa na mwenye fedha bila kutoka jasho, katazo halilipiki. Tena linakata mzizi wa mtego tulioueleza: kama huwezi kujenga fleti mpya za kuuza, unalazimika kufikiria namna ya kuzifungua zile zilizofungwa.

Tirol ya Austria ilishika njia hiyo mapema na kwa hesabu kali zaidi: halmashauri ikishafikisha asilimia 8 ya nyumba za starehe, hairuhusu nyingine mpya. Huko sheria haiangalii sana nani anamiliki. Inaangalia nyumba inatumikaje. Sababu ni ya kihistoria. Mwaka 1999, katika kesi ya Mjerumani Klaus Konle, Mahakama ya Ulaya iliibana Tirol kwa kumtaka mnunuzi aombe idhini na athibitishe mapema kwamba hatatumia ardhi kwa likizo. Baada ya mlango wa umiliki kufunguliwa, kizuizi kilihamia kwenye matumizi. Raia wa Ulaya anaweza kununua nyumba Kitzbühel, ila kama nyumba haina hadhi ya makazi ya starehe, akiishi humo wikiendi tu anavunja sheria. Udhaifu wake unaonekana haraka: nani atapita usiku akihesabu taa? Halmashauri hulazimika kufuatilia nani hasa anaishi wapi, kazi inayochosha na kuzua uhasama, na mtu aliyejiandikisha kijijini huku maisha yake yako Munich si rahisi kumshika.

Udhaifu wa katazo la Uswisi ni wa aina nyingine, na kwangu ni mzito zaidi. Kwa kuwa njia ya ujenzi mpya imezibwa, mnunuzi mwenye fedha anageukia nyumba za zamani zilizo katikati ya kijiji, zile ambazo fundi umeme na mwalimu wa shule walikuwa wakipanga. Mrithi anayeishi Lausanne ana nyumba ya bibi yake. Akimuuzia mwenyeji anapata bei ya mshahara wa bonde, akimuuzia mtu wa likizo anapata bei ya Ulaya nzima. Tunajua atachagua nini. Sheria iliyotungwa ili kijiji kisifunikwe na madirisha yaliyofungwa inaweza, kwa upande huo, kuyasogeza madirisha hayo hadi karibu na kanisa.

Hoja ya wanaofungua

Wapinzani wa mwaka 2012 walikuwa na hoja nyepesi kueleweka: seremala, fundi bomba, mchora ramani na mwenye lori la kokoto wanaishi kwa ujenzi. Ukizuia ujenzi unawaondolea kazi watu walewale unaodai kuwalinda. Mgeni njoo mwenyeji apone, lakini akikuta mlango umekomewa, mwenyeji atapona kwa nini?

Wachumi Christian Hilber na Olivier Schöni waliipima hoja hii kwa takwimu za kabla ya korona, na utafiti wao ukatoka mwaka 2020 katika jarida la Journal of Urban Economics. Walikuta kwamba katika maeneo yaliyobanwa, bei za nyumba za wakazi zilikua taratibu zaidi, za nyumba za pili zikapanda, na ukosefu wa ajira ukaongezeka. Kwa maneno mengine, mwenyeji alipoteza sehemu ya ongezeko la thamani ya nyumba yake na pengine kazi, huku tajiri aliyekwisha kununua akipewa zawadi ya uhaba. Waandishi hao walikwenda mbali kusema katazo linaweza kukoleza tofauti ya mali badala ya kuipunguza.

Ni utafiti wa maana, nao haupaswi kupuuzwa na wapenda mazingira. Lakini una mambo mawili ya kuangalia. Bei ya nyumba ya mkazi ikipunguza kasi, aliye nayo analia na asiye nayo anapumua. Kusema wenyeji wameumia ni kuhesabu wenye nyumba na kuwasahau wapangaji. Pili, ajira ya ujenzi inayotegemea kumaliza ardhi ina mwisho hata bila sheria. Seremala wa mwaka 2012 angepata kazi kwa miaka mingine kumi au kumi na mitano, kisha bonde lingejaa na hoja yake ingekwisha yenyewe.

Bunge la Uswisi limesikia malalamiko ya upande huu. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mwenye nyumba ya zamani anaweza kuipanua kwa asilimia 30, hata kwa kuibomoa na kuijenga upya, na kutoa fleti za ziada ndani yake, bila sharti la kuzifanya za wakazi. Mafundi wanarudi kazini na malisho hayaguswi. Isipokuwa kwamba jengo la zamani linalobomolewa mara nyingi ndilo lililokuwa na pango nafuu.

Kodi

Kati ya kuzuia na kuachia kuna njia ya tatu: mwache anunue, kisha alipe. Silvaplana, kijiji jirani cha St. Moritz, kiliamua kuwatoza wamiliki wa nyumba za pili ili kuwasukuma wazipangishe, na mwaka 2014 Mahakama ya Shirikisho ikaona inafaa. Ufaransa iliondoa kodi ya makazi kwa nyumba za kwanza na kuibakiza kwa za pili, na halmashauri zenye uhaba wa nyumba zinaweza kuiongeza kwa hadi asilimia 60. Sheria ya Novemba 2024 ikazipa halmashauri za namna hiyo rungu jingine: kutenga maeneo ambamo nyumba mpya ni za wakazi tu. Aspen, Colorado, hutoza asilimia ya bei kila nyumba inapouzwa, na sehemu kubwa ya fedha hizo huenda kwenye nyumba za wafanyakazi. Hazina yao ya nyumba za aina hiyo ni kama 3,000. Miji mingine ya Colorado huitazama Aspen kwa husuda, maana marekebisho ya katiba ya jimbo mwaka 1992 yalipiga marufuku kodi mpya za mauzo ya nyumba. Aliyewahi kuiweka anayo.

Uzuri wa kodi ni kwamba inakiri ukweli: mwenye kitanda baridi ana gharama kwa kijiji, basi aigharimie. Ubaya wake ni kwamba tajiri wa kweli haihisi, na wanaoihisi ni wale wa kati, mwalimu mstaafu wa Lyon mwenye kifleti cha mita za mraba 25 alichonunua mwaka 1982. Huyo atauza, na atakayenunua hatahisi. Kodi pia humjengea mlipaji madai. Asiyepiga kura kijijini lakini analipa sehemu kubwa ya bajeti yake ataanza kuuliza kwa nini hasikilizwi, na ndivyo inavyotokea kila halmashauri inapopandisha ada.

Wafanyakazi nyuma ya kilima

Marekani ubishi umechukua sura ya waziwazi zaidi: nani atawasha lifti saa moja asubuhi? Tarehe 8 Juni 2024 sehemu ya barabara ya Teton Pass ilibomoka, na Jackson ya Wyoming ikatengwa na miji ya Idaho ambako sehemu kubwa ya wafanyakazi wake hulala. Kwa wiki kadhaa wapishi, wauguzi na wasafishaji walizunguka mwendo mrefu kwenda kuhudumia mji wasioweza kuishi humo. Mwishoni mwa Desemba 2024, kilele cha msimu, walinzi wa usalama wa mlima wa Park City, Utah, waligoma hadi Januari wakidai mishahara inayolingana na gharama za kuishi pale. Foleni za lifti zikawa ndefu, na wenye nyumba za mamilioni wakajua kwa mara ya kwanza wanategemea nani.

Vail ilibuni dawa mwaka 2017. Badala ya kujenga, mji unamlipa mwenye nyumba fedha taslimu ili akubali sharti la kudumu katika hati: nyumba hiyo, leo na hata ikiuzwa, ikaliwe na mtu anayefanya kazi katika kaunti ya mji huo walau saa 30 kwa wiki. Bei ya kuuza haina kikomo. Whistler ya Kanada ina mamlaka yake ya nyumba tangu mwaka 1997, nayo huenda mbali zaidi kwa kudhibiti pia bei ya kuuzia. Kwa upande wa vitanda, Whistler ina majengo ambayo mmiliki anaruhusiwa kuyatumia siku 28 za baridi na siku 28 za kiangazi tu. Siku zilizobaki fleti lazima iwe sokoni kwa watalii. Anayenunua humo anajua tangu mwanzo kwamba amenunua chumba cha hoteli chenye jina lake.

Gharama ndiyo kasoro ya njia hii. Kila nyumba inayofungwa kwa sharti hutoka kwenye soko huru, na zile zilizobaki zinapanda bei, hivyo sharti la kesho ni ghali kuliko la leo. Mji maskini hauwezi. Na udhibiti wa bei, unaomlinda mnunuzi wa pili, unamnyima wa kwanza faida ambayo jirani yake anaivuna, jambo linalozua manung'uniko mazito katika vikao vya halmashauri. Pamoja na hayo, hii ndiyo njia pekee inayomgusa moja kwa moja mtu ambaye sheria nyingine zinadai kumtetea.

Hesabu ya mnunuzi, na theluji yenyewe

Tuseme mtu ananunua fleti ya faranga 900,000, bei ya kawaida kabisa, kwa kuwa St. Moritz nyumba za kifahari zinapita faranga 20,000 kwa mita moja ya mraba. Fedha zake zingezaa asilimia 2 kwingine: faranga 18,000 kwa mwaka. Matengenezo na ada za jengo kwa makadirio ya asilimia 1: faranga 9,000. Akilala humo siku 30, kila usiku umemgharimu faranga 900 kabla ya kodi. Kwa fedha hizo angelala hoteli nzuri na kutandikiwa kitanda. Kinachoiokoa hesabu ni kupangisha, ambako sheria na uchovu hupunguza mwaka hadi mwaka, au matumaini kwamba bei itapanda.

Matumaini hayo yanasimama juu ya theluji. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 katika jarida la Nature Climate Change ulichunguza vituo 2,234 vya Ulaya. Dunia ikipata joto la nyuzi 2 zaidi, asilimia 53 ya vituo vitakuwa katika hatari kubwa sana ya kukosa theluji kama hakuna mashine za kuitengeneza. Kwa nyuzi 4, asilimia 98. Mashine zinapunguza hatari lakini zinahitaji maji, umeme na baridi ya kutosha. Ofisi ya ukaguzi wa hesabu za serikali Ufaransa ilionya Februari 2024 kwamba karibu vituo vyote vya nchi hiyo vitaguswa ifikapo mwaka 2050. Mwinuko, basi, umekuwa sehemu ya bei. Val Thorens iko kama mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, St. Moritz karibu 1,800, na mji wa Kitzbühel haufiki mita 800. Jina la Kitzbühel linauzwa kwa historia. Mkopo wa nyumba unalipwa kwa siku zijazo.

Joto hilohilo linalegeza milima. Tarehe 28 Mei 2025 barafu na miamba viliporomoka na kukifunika kijiji cha Blatten, Valais, ambacho wakazi wake wapatao 300 walikuwa wamehamishwa siku chache kabla. Halmashauri za Uswisi zina ramani za hatari zenye rangi. Eneo jekundu halijengwi. Ramani hizo hurekebishwa, na nyumba iliyo leo katika eneo la bluu, lenye hatari ndogo kuliko jekundu, inaweza kubadilishiwa rangi mwenye nyumba akiwa bado analipa benki. Cha ajabu ni jinsi karatasi hii inavyotazamwa mara chache kuliko picha za sebule.

Ipi ina uzito

Nikiziweka hoja hizi kwenye mizani, katazo la ujenzi linashinda kwa ardhi na linashindwa kwa watu. Liliokoa malisho, na huo si ushindi mdogo, lakini lilimpa aliyenunua mapema mali adimu na kuziacha nyumba za katikati ya kijiji bila ulinzi. Soko huru linalipa mafundi kwa muda na kumaliza ardhi milele. Kodi peke yake huchuja walalahai na kubakiza matajiri. Sharti la mfanyakazi linagusa kiini, ila linataka fedha ambazo halmashauri nyingi hazina.

Kinachoonekana kufaa ni kuunganisha mbili za mwisho: kodi ya kitanda baridi itengwe kwa ajili ya kununua masharti ya makazi, kuanzia nyumba za zamani ambazo sheria ya 2012 iliziacha huru. Aspen hufanya jambo linalokaribia hilo kwa kodi yake ya mauzo, ikijenga badala ya kununua masharti, na haijawa kijiji cha maskini, lakini ina wazima moto wanaolala ndani ya mji. Uswisi imepata nafasi hiyo kupitia kura ya 2025, ingawa ruhusa iliyotolewa ni ya kutoza tu. Haikusema fedha ziende wapi. Kantoni za milimani, ambazo serikali zake zilipinga mabadiliko hayo kwa kuhofia mapato, zina kishawishi cha kuziba kwanza pengo la kodi iliyofutwa na kuyaacha makazi yasubiri.

Kwa mnunuzi, hilo lina maana ya bei. Kodi mpya ya nyumba za pili inaamuliwa kantoni kwa kantoni, na mmiliki atapoteza pia haki ya kukata gharama za matengenezo kutoka kwenye mapato yake ya kodi ya shirikisho. Anayetia saini sasa Valais au Graubünden ananunua deni ambalo kiasi chake hakijaandikwa popote, juu ya theluji ambayo kina chake hakijulikani. Mwenye fleti anayeuza kwa bei ya kabla ya kura hiyo anamtaka mnunuzi abebe yote mawili peke yake, na mnunuzi ana haki ya kudai punguzo.